Zamu ya Usiku: Maswali Yenu Kuhusu Matunzo ya Wazee Makaoni

Barua nyingi za safari hii zimetoka mkoa wa Tabora, na karibu zote zinamhusu mzee aliyekabidhiwa kwa watu wasio ndugu zake. Majina ya waandishi na ya makao tumeyaondoa. Wanaojibu ni wauguzi na maofisa ustawi wa jamii. Tumejibu kwa vipimo na saa kila ilipowezekana, ili jibu likifika mikononi mwa mhudumu wa zamu aweze kulitumia usiku huohuo.

Tuko wawili usiku, wazee sita hawajigeuzi

*Shikamooni. Makao yetu yana wazee 24. Sita hawawezi kujigeuza, wengi wao kwa sababu ya kiharusi. Tumeambiwa tuwageuze kila baada ya saa mbili, lakini usiku tuko wahudumu wawili tu. Bibi mmoja ametoka kidonda juu ya mfupa wa mkia, na babu mmoja kisigino kimekuwa cheusi. Tunawasugua kwa spiriti na kuwakalisha juu ya mpira wa duara. Tunakosea wapi? – Mhudumu wa zamu*

Marahaba. Spiriti na mpira wa duara viacheni leo. Spiriti hukausha ngozi ikapasuka, na kusugua mahali palipokwisha kubanwa huumiza zaidi mishipa midogo iliyo chini ya ngozi. Mpira wa duara nao hubana nyama pande zote za tundu, kwa hiyo damu haifiki pale katikati, yaani palepale mnapotaka kupaokoa.

Kidonda cha kulala chanzo chake ni mfupa. Mfupa unapoikandamiza nyama juu ya godoro kwa saa nyingi, damu haipiti, nyama inaanza kufa kutokea ndani, na ngozi ndiyo inayochelewa kuonyesha. Ndiyo maana mnaona doa leo asubuhi na baada ya siku tatu pamekuwa shimo. Mahali pa kukagua kila mnapomgeuza ni mfupa wa mkia, nyonga mbili, visigino, vifundo vya miguu, mabega, viwiko, masikio na kisogo.

Vitabu vingi husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Linganisheni basi na ngozi ya pembeni: pameiva na kuwa peusi zaidi au pana rangi ya zambarau? Pana joto, au pamepoa kuliko jirani? Pagumu kama ganda, au panabonyea kama embe lililoiva sana? Mzee anajikunja mnapopagusa? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, mzee asilalie upande huo mpaka pamerudi kawaida.

Sasa tupige hesabu ya usiku wenu. Zamu ya saa 1 usiku hadi saa 1 asubuhi ni saa 12. Wazee 6, kila mmoja mara 6, ni mageuzo 36. Watu wawili waliozoea hutumia kama dakika 6 kwa mzee mmoja: kumgeuza, kukagua ngozi, kumfuta kama amelowa, kunyoosha shuka. Hiyo ni dakika 216, yaani saa tatu na dakika 36 za usiku mzima. Inawezekana, lakini haiwezekani kwa kukimbilia kitanda kinacholia. Pangeni mzunguko. Wale sita walale chumba kimoja au vyumba viwili vinavyopakana. Saa 2 usiku anzeni kitanda cha kwanza, mfike cha sita kama saa 2 na dakika 40. Saa 4 mnaanza tena. Katika mzunguko huohuo badilisheni nepi, mpeni maji aliye macho, sikilizeni pumzi. Mkitenganisha kazi hizi mtautembea usiku kucha na bado mtakuwa nyuma.

Mzee mwenye godoro zuri ambaye ngozi yake haijabadilika hata kidogo anaweza kuachwa alale kwa muda wa hadi saa tatu au nne kati ya mageuzo ya usiku. Usingizi nao ni dawa. Ila uamuzi huo ni wa muuguzi, baada ya kumkagua mzee huyo, uandikwe kwenye kadi yake. Bibi mwenye kidonda hayumo katika ruhusa hiyo.

Namna ya kumlaza ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Msimlaze ubavu kabisa, mwili wote ukaegemea mfupa wa nyonga. Mlazeni kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi: mto nyuma ya mgongo kuanzia begani hadi kiunoni, mwingine kati ya magoti. Uzito unaangukia nyama ya tako, ambayo inahimili. Visigino vinaning'inizwa: mto uwekwe kwa urefu chini ya mashavu ya miguu, si chini ya kisigino, mpaka karatasi ipite kati ya kisigino na godoro bila kukwama. Hamna mito? Kunjeni blanketi, zungushieni kanga, mfunge. Kichwa cha kitanda kisipande zaidi ya nyuzi 30 nje ya muda wa kula, kwa sababu mzee huteleza polepole kuelekea miguuni, na ngozi ya mkia hubaki imeng'ang'ania shuka huku mfupa unashuka. Huko kuvutika huchana nyama ndani. Kwa sababu hiyohiyo mzee havutwi kwa kumshika makwapa. Tandikeni shuka ya pili iliyokunjwa, kuanzia mabegani hadi mapajani, mmoja ashike huku na mwingine kule, mhesabu pamoja, mnyanyue.

Godoro lipimeni kwa kiganja. Mzee akiwa amelala, ingiza mkono chini ya godoro usawa wa makalio, kiganja kikitazama juu. Ukihisi sponji iliyobaki kati ya kiganja na mwili haifiki unene wa sentimita 2.5, godoro hilo limekwisha hata kama kitambaa chake bado kinang'aa. Plastiki ya kukinga mkojo iwe chini ya shuka ya pamba. Kwa joto la Tabora la Septemba na Oktoba, mgongo uliolalia plastiki hulowa jasho ndani ya saa moja, na ngozi iliyolowa huchubuka kwa kugusa tu.

Kidonda cha bibi kisafisheni kwa maji ya chumvi ya hospitali, au yaliyochemshwa yakapoa. Iodini ya kila siku na dawa ya maji inayotoa povu (haidrojeni peroksaidi) huua pia nyama mpya inayoota. Hapa Unyamwezini wengi watawashauri asali. Ni kweli asali hutumika kutibu vidonda, lakini inayotumika hospitali imetayarishwa kuua vijidudu. Ya mzinga, hata iwe safi namna gani machoni, ina vumbi na mabaki ya nyuki, na kidonda chenye shimo si mahali pa kuijaribu. Kisigino cheusi cha babu, kama ganda ni kavu, halina usaha wala harufu, msilibandue. Liacheni kavu, ning'inizeni mguu, mwoneshe mganga wa hospitali wiki hii. Likilainika, likinuka, au babu akipata homa, ni siku hiyohiyo.

La mwisho ni kadi ya kugeuza. Iwe na safu nne: saa, upande, hali ya ngozi, sahihi. Mfawidhi, yaani msimamizi wa makao, anayeikagua aangalie jambo moja: kadi iliyojazwa usiku kucha kwa mwandiko mtulivu na saa kamili kamili, 2:00, 4:00, 6:00, ilijazwa asubuhi. Kadi ya kweli ina 2:10, ina 4:25, ina "amekataa, analia goti". Msimwadhibu aliyeandika 4:25. Mkimwadhibu, kesho ataandika 4:00.

Sahani zinarudi na ugali

*Ninapikia wazee 18. Ugali na maharage, siku nyingine wali. Nusu ya chakula kinarudi na wazee wanakonda. Pesa ya nyama ipo mara moja kwa wiki. – Mpishi, Nzega*

Mama mpishi, kabla ya kubadilisha chakula, kaa nao chakula kimoja uangalie. Nani hana meno? Nani anaacha chakula shavuni? Nani mkono wake unatetemeka mpaka tonge linadondoka, akaona aibu akasema ameshiba? Nani amewekewa sahani upande ambao kiharusi kimemnyima kuona? Hao hawana tatizo la hamu ya kula.

Halafu angalia protini. Mzee wa kilo 50 anahitaji kama gramu 50 hadi 60 kwa siku, na mwenye kidonda anahitaji zaidi, hadi 75. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15. Wazee wako wanakula nusu kikombe mara mbili, nusu ya hiyo inarudi. Ukijumlisha na ugali bado uko mbali. Hapo nyama ya Jumapili haiwezi kufidia siku sita.

Cha kukuokoa ni karanga, dagaa na uji. Vijiko vitatu vya chakula vya karanga zilizosagwa, kama gramu 30, vina protini gramu 7 na nguvu nyingi, na mzee humeza bila kutafuna. Weka vijiko hivyo katika kila kikombe cha uji wa asubuhi na wa saa 10 jioni. Karanga chagua kwa mkono: iliyosinyaa, nyeusi au yenye ukungu tupa, maana sumu ya ukungu haiondoki kwa kukaanga. Dagaa wakavu wa Kigoma waoshe, uwakaushe vizuri, uwakaange bila mafuta, uwasage, kisha uchekeche kwa chekecheo laini ili miba ibaki. Gramu 20 za unga huo, kiasi cha vijiko viwili vilivyojaa, hutoa protini kama gramu 10. Changanya kwenye mchuzi wa mlenda au kisamvu, ambavyo vinateleza vyenyewe. Yai moja ni gramu 6. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, nayo usiyasahau: yaloweke, yachemshe mpaka yalegee, yaponde na karanga. Tumeona wazee wanaokataa wali wakinyoosha mkono kwa matobolwa, kwa sababu hicho ndicho chakula cha nyumbani kwao.

Gawa mara tano kidogo kidogo badala ya mara tatu sahani kubwa. Chakula cha jioni kisipakuliwe saa 11 kwa sababu mpishi anawahi kuondoka. Kutoka hapo hadi uji wa asubuhi ni saa 14 tumbo tupu.

Kwa anayepaliwa: aketi wima, miguu ikanyage chini, kidevu kielekee kifuani kidogo. Kijiko kiwe cha chai, si cha chakula. Anayelisha aketi usawa wa macho yake, asisimame. Subiri koo lipande na kushuka ndipo ulete kijiko kingine. Asilazwe mpaka dakika 30 zipite. Sauti ikiwa na mlio wa maji baada ya kumeza, au akikohoa kila anywapo chai lakini si uji mzito, mpeleke kwa mganga, kwa maana chakula kinaingia njia ya hewa na nimonia iko karibu.

Mzani utumike kila tarehe ileile ya mwezi, asubuhi kabla ya uji. Mzee wa kilo 50 aliyepungua kilo 2.5 kwa mwezi mmoja hana "uzee wa kawaida". Apimwe. Asiyeweza kusimama mpime mzunguko wa mkono wa juu kwa tepu ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko, ulinganishe na wa mwezi uliopita.

Na maji. Kiu hupungua na umri, kwa hiyo kusubiri mzee aombe ni kumsubiri akauke. Vikombe 6 hadi 8 kwa siku, chai na uji vikihesabiwa, isipokuwa yule ambaye daktari amempunguzia kwa ajili ya moyo au figo. Wengi hawanywi kwa kuogopa safari ya choo usiku. Wape sehemu kubwa kabla ya saa 12 jioni.

Bibi yetu amebadilika ndani ya siku mbili

*Bibi yetu ana miaka 79, yuko makaoni mwaka wa pili. Alikuwa na akili zake. Wiki iliyopita ghafla akaanza kutukana wahudumu, anaona watu ukutani, mchana analala, usiku anapiga kelele. Wamempa vidonge vya usingizi. Wengine wanasema ana mashetani, na mwenzake wa chumbani amesema ni mchawi. – Mjukuu, Sikonge*

Pole sana, mjukuu. Neno la kushika katika barua yako ni "ghafla". Usahaulifu wa uzeeni huja kwa miezi na miaka: leo amepoteza funguo, mwakani amepoteza njia. Akili inayovurugika ndani ya saa au siku mbili, ikipanda na kushuka, ni dalili ya ugonjwa mwilini, na ni dharura kama homa ya mtoto mchanga. Bibi apelekwe hospitali leo. Chapisha orodha hii umpe mganga: kipimo cha malaria, sukari, presha, joto, mkojo, kifua, na swali la lini mara ya mwisho alipata choo kikubwa. Mzee anaweza kuwa na nimonia au malaria bila homa kali. Kuchanganyikiwa kukawa ndiyo dalili pekee. Tumbo lililofunga siku sita, mkojo uliozuilika, au ukosefu wa maji tu katika joto hili, vyote huweza kumfikisha hapo.

Beba na dawa zake zote ndani ya mfuko, hata za dukani. Piritoni ya mafua huvuruga akili ya mzee, na amitriptilini vilevile. Vidonge vya usingizi kama diazepamu hukaa mwilini mwa mzee kwa siku kadhaa, humzidishia kuchanganyikiwa, na humwangusha. Uliza nani aliviandika na vitakoma lini. Ila kama alikuwa akivitumia kwa muda mrefu, visikatwe kwa siku moja, mganga avipunguze.

Wakati mkisubiri apone: taa hafifu iwake usiku, miwani na kifaa cha masikio arudishiwe kama anavyo, saa ya ukutani ionekane, sauti moja izungumze naye kwa wakati mmoja. Na azungumzwe naye kwa lugha yake. Ugonjwa ukiishika akili, Kiswahili mara nyingi hutangulia kupotea na lugha ya utotoni hubaki. Mhudumu anayejua kusema "mwangaluka" asubuhi anaweza kumtuliza bibi kuliko kidonge. Makao yanapopanga zamu, yajue nani anasema Kinyamwezi, nani Kisukuma, nani Kiha.

Kuhusu neno la uchawi hatutalipitia pembeni. Kanda hii wazee wanawake wameuawa kwa neno hilo, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na miaka mingi ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni. Mfawidhi aliyesikia neno hilo likitamkwa chumbani anapaswa kulishughulikia siku hiyohiyo: awakutanishe wazee na wahudumu, aeleze ugonjwa wa bibi kwa maneno ya wazi, na vitisho vikiendelea ataarifu polisi na afisa ustawi wa jamii. Bibi asirudishwe kulala peke yake na anayemtuhumu.

Alikuta babu ametota jasho

*Babu ana kisukari, anakunywa glibenklamaidi. Alikataa chakula cha jioni, akapewa dawa yake kama kawaida. Saa 8 usiku nilimkuta ametota jasho, anaongea ovyo. Nilifikiri ni malaria. – Mhudumu, Igunga*

Ilikuwa sukari kushuka, kwa maelezo yako. Dawa hiyo huendelea kushusha sukari iwe mtu amekula au hakula, na kwa wazee, hasa wenye figo dhaifu, inaweza kushusha tena baada ya saa kadhaa.

Ukimkuta hivyo, pima kwa tone la damu. Chini ya 4 (mmol/L), au kama kipimo hakipo na dalili ni hizo, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, akiwa ameketi na anameza. Rudia kupima baada ya dakika 15; bado chini, rudia kumpa. Sukari ikipanda, apewe uji au mkate, maana sukari ya kijiko haidumu. Asiyeweza kumeza usimmiminie kitu mdomoni: mlaze ubavu, na gari la hospitali liitwe. Hata akizinduka, aonwe siku hiyohiyo na apimwe mara kwa mara usiku unaofuata.

Kwenye kadi yake ya dawa aandikiwe kwa kalamu nyekundu: "Hakula, usimpe. Mwite muuguzi." Na mganga aulizwe kama dawa hiyo bado inamfaa.

Mpira wa mkojo

*Je, mzee anayejikojolea awekewe mpira ili shuka zisilowe? – Msomaji, Kaliua*

Hapana. Mpira wa kutoa mkojo kibofuni (katheta) huwekwa kwa sababu ya tiba, kwa mfano mkojo uliozuilika, na hutolewa sababu ikiisha. Kadiri unavyokaa ndivyo vijidudu vinavyopanda kwenye kibofu. Badala yake mpelekeni chooni au mpeni kopo kila baada ya saa mbili hadi tatu mchana, na mara tu baada ya kuamka na baada ya kula. Andikeni kwa siku tatu saa alizolowa. Mtaona mpangilio, na mtamtangulia kwa nusu saa. Anayeanza kujikojolea ghafla apimwe mkojo na sukari.

Tumfunge ili asianguke?

*Mzee wetu ameanguka mara mbili akienda choo cha nje usiku. Mhudumu amependekeza tumfunge kitandani kwa kanga. – Mfawidhi msaidizi, Urambo*

Msimfunge. Mzee aliyefungwa hujinyonga akijaribu kushuka, hutoka vidonda, na miguu yake hulegea kiasi kwamba siku akifunguliwa anaanguka kirahisi zaidi.

Mara mbili njia ileile, saa zilezile: choo ndicho kinachomwangusha. Usiku wekeni kiti imara chenye tundu na ndoo kando ya kitanda, upande wa mguu wake wenye nguvu. Kitanda kishushwe mpaka akiketi ukingoni nyayo zake zote zikanyage sakafu. Taa ndogo ya sola iwake njia nzima. Kandambili zikusanywe, apewe kiatu kilichoshika kisigino. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti cha kimo cha sentimita 45 hivi na mkono wa bomba ukutani kimo cha sentimita 80 hadi 90, uliochimbiwa ndani ya tofali, maana ule wa kupigilia misumari utang'oka siku ukihitajika. Bakora ipimwe: mzee akisimama na kiatu chake, mkono umening'inia, kichwa cha bakora kifike kwenye kifundo cha kiganja. Chini iwe na mpira usiolika, na ashike kwa mkono ulio kinyume na mguu mbovu.

Mpimeni presha akiwa amelala, kisha baada ya kusimama dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, anapata kizunguzungu cha kuinuka. Afundishwe kuketi ukingoni dakika mbili, apige miguu chini, ndipo ainuke, na dawa zake za presha zipitiwe upya.

Akianguka tena, msikimbilie kumnyanyua. Muulizeni panapouma, tazameni miguu: mmoja ukiwa mfupi na unyayo umegeukia nje, nyonga imevunjika. Abebwe juu ya ubao au mlango.

Tupeleke nini?

*Kikundi chetu cha akina mama 15 tunataka kwenda kuwaona wazee makaoni sikukuu ijayo. Tumezoea sukari, sabuni na mchele. Kuna kingine? – Katibu wa kikundi, Tabora Mjini*

Mungu awabariki. Mchele unakaribishwa, lakini mpigieni mfawidhi kwanza. Vikundi vitatu vikileta mchele wiki moja, miezi inayofuata ghala liko tupu. Vitu vinavyokosekana sana makaoni ni vile visivyopigwa picha: nepi za wakubwa, glavu, mafuta mazito ya kupaka, shuka za pamba, mito, bilauri zenye vishikio viwili, tepu na mzani, vipande vya kupimia sukari vinavyooana na mashine yao, betri, kufuli za makabati ya wazee wenyewe ili kila mmoja awe na mahali pa kuficha chake.

Mna watu 15. Mkigawana watatu watatu, mnaweza kwenda wikiendi tano badala ya moja. Mmoja akate kucha, ila za mwenye kisukari mwachieni muuguzi. Mmoja asome gazeti kwa sauti. Mmoja akae tu na yule asiyetembelewa. Mkiwaona, muwaamkie mmoja mmoja, shikamoo kwa kila mtu, hata aliyefumba macho. Muulize kabla ya kuingia chumbani kwake, kabla ya kumpiga picha, na kabla ya kugusa kitanda chake.

Mkishuhudia jambo baya, mzee ana michubuko asiyoweza kuieleza, au anaogopa mtu fulani akiingia, msifoke hapo. Andikeni tarehe na mlichokiona kwa macho, mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri, na kwa baraza la wazee la kata. Na kama kuna mzee anayeambiwa alipie matibabu kwenye kituo cha serikali wakati hana uwezo, mkumbusheni mfawidhi kwamba Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na mzee asiye na uwezo hutibiwa bure akitambuliwa na kupewa kitambulisho. Kinachokwamisha mara nyingi ni kitambulisho hicho kutotengenezwa.

Siku ya kwenda waichague wazee wenyewe kupitia mfawidhi. Msiwapangie siku ya kliniki, maana nusu yao watakuwa hospitali ya Kitete kwenye foleni.